Wiki mbili za pikipiki nchini Norwei

Ndugu, umeuliza kama wiki mbili zinatosha kwenda kwa pikipiki kutoka Oslo hadi Nordkapp, rasi iliyo mbali kaskazini mwa nchi, na kurudi, ukipitia pwani ya magharibi. Kufika utafika, ila utakuwa mbioni kila siku, kwa sababu njia hiyo inazidi kilomita 2,000 kwa upande mmoja, mwendo nje ya miji kwa kawaida hauruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na ghuba nyingi zitakulazimu kusubiri kivuko. Nakusihi uiache Nordkapp na uishie visiwa vya Lofoten, ukivuka kwa feri kutoka Bodø hadi Moskenes, kisha urudi kwa barabara ya E10 kupitia Narvik na Kiruna, mji wa Uswidi, kwani upande wa Uswidi unakwenda haraka zaidi.

Safiri Julai au Agosti. Barabara ya milimani ya Sognefjellet, inayopanda hadi mita 1,434, hufungwa majira ya baridi, na hata mwanzoni mwa Julai theluji huonekana kando ya lami. Mahandaki nayo yanahitaji tahadhari: unapoingia ukitoka kwenye mvua, kioo cha helmeti hushika ukungu ghafla, kwa hiyo punguza mwendo mapema na ukifungue kidogo.