Kwenda sio kazi, kazi kurudi

SWALI: Dada habari za kazi. Mwenzio nimechoka na mambo ya ndege na hoteli, nataka nipande meli ya mizigo nifike visiwa vya mbali kabisa huko Pasifiki, vile ambavyo hata uwanja wa ndege havina. Likizo yangu wiki tatu. Inawezekana au najidanganya? Halafu mimi hata kwenye basi natapika.

JIBU: Inawezekana kaka, ila hizo wiki tatu ndo zinanitia wasiwasi. Ile meli haiendi kwa ajili yako, inapeleka mchele, mafuta na simenti, abiria ni nyongeza tu, kwa hiyo wakikwambia inaondoka Jumanne ujue ni Jumanne mzigo ukiwahi kupakiwa na bahari ikikubali.

Chukua Tokelau, visiwa vitatu vya matumbawe, Atafu, Nukunonu na Fakaofo, watu wanapandia meli Apia kule Samoa na safari inakula siku nzima na ushee. Ruhusa ya kuingia uiombe mapema. Nafasi wa kwanza ni wenyeji na mi sioni ubaya, hilo ndo basi lao la kwenda hospitali! Sasa ukifika hakuna gati, meli inabaki nje ya mwamba unashukia kwenye boti ndogo, boti inapanda na kushuka na wimbi, baharia kakushika mkono anakwambia subiri, subiri, haya! Unakanyaga ikiwa imepanda juu, ikianza kushuka usithubutu. Mikono iwe mitupu, begi utapewa baadaye, pasipoti na simu vifunge vizuri kwenye nailoni maana utalowa tu.

Ukiona hiyo inatisha, kuna Aranui 5 inayotoka Papeete, Tahiti, kwenda visiwa vya Marquesas, iko kazini tangu 2015, mbele kreni na makontena, nyuma kebini na bwawa la kuogelea, inapeleka mahitaji inarudi na mbata. Mzunguko wake ni kama siku 12 na ratiba yake inaeleweka. Watakwambia hiyo ya kitalii mno, waache, kwa likizo yako ningeanza nayo. Na ukikuta makala za zamani zinakushauri upande meli ya posta kwenda kisiwa cha Saint Helena, kule Atlantiki, kutokea Cape Town, zipite, ilistaafu 2018 baada ya kisiwa kupata uwanja wa ndege.

Kuhusu kutapika, dawa meza kabla meli haijang'oa nanga, ukishaanza kutapika haikai tumboni tena. Kebini omba ya katikati tena ya chini, huko mtikisiko unapungua, ukizidiwa lala chali.

Tikiti ya ndege ya kurudi usiikate ya kesho yake meli ikifika bandarini, acha wiki nzima hapo katikati. Na bosi wako mwambie wiki nne.