Ombeni kwanza pesa ya kujuana

Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, asasi nyingi zinazonipigia simu zina ombi moja: "Tutafutie wa kuungana naye." Haraka yao naielewa. Mishahara imekatika, kodi ya ofisi inadaiwa, na matangazo mengi ya ruzuku yanataka waombaji wawili watatu kwa pamoja. Basi watu wanatafutana usiku wa kuamkia siku ya mwisho, wanatumiana vyeti vya usajili kwa WhatsApp na kusaini hati ya makubaliano ambayo hakuna aliyeisoma hadi mwisho. Pesa ikitoka, ugomvi unaanza.

Nimekuwa mhasibu wa asasi kabla ya kuanza kuongoza mazungumzo ya asasi zinazotaka kushirikiana, na ushauri wangu ni huu: kabla ya pesa ya mradi wa pamoja, ombeni pesa ndogo ya kujuana. Ichukulieni kama gharama za uchumba, na uchumba una ruhusa ya kuvunjika.

Wenzetu Marekani wana mifuko maalumu ya jambo hili. Los Angeles, wafadhili kadhaa walianzisha mwaka 2012 mpango wa kulipia mazungumzo ya asasi zinazofikiria kushirikiana au kuungana kabisa. New York nako upo mfuko wa namna hiyo unaosimamiwa na SeaChange Capital Partners. Hapa Tanzania msisubiri tangazo lenye jina hilo. Anzeni na mfadhili mliye naye: angalieni kifungu cha bajeti cha kuijengea asasi uwezo, kisha mwandikieni mkiomba kukitumia, au kuhamishia humo salio la kifungu kingine.

Pesa hiyo inalipia mwezeshaji asiye wa upande wowote, na mwanasheria wa kusoma katiba zote mbili na kusema nani hasa mwenye uamuzi, bodi au mkutano mkuu. Inalipia nauli na posho za wajumbe. Inalipia pia mtu wa kukagua vitabu vya pande zote mbili, na hapa msione haya: madeni ya kodi na michango ya NSSF ambayo haijapelekwa ni bora yaonekane sasa kuliko yaje kuibuliwa na mkaguzi wa mfadhili.

Mwezeshaji wa nje mnamhitaji kwa sababu yapo maneno ambayo wakurugenzi wawili wanaoheshimiana hawataambiana. Kikao kimoja mkoani Morogoro niliwapa wajumbe wa bodi mbili karatasi tupu, kila upande uandike kitu kimoja usichoweza kukiachia. Wa kwanza waliandika "jina letu". Wa pili waliandika "gari". Watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Gari lenyewe lilibaki kutoka mradi uliokwisha, tairi vipara, lakini ndilo lililokuwa likimfikisha mwenyekiti wao kwenye vikao vya wilaya.

"Mama Mwenyekiti," mzee mmoja wa upande wa kwanza akasema, "gari lenu hatulitaki. Tunauliza tu mafuta yake atalipa nani."

Mazungumzo ya kweli yalianzia hapo. Hawakuungana. Waliishia kutumia mhasibu mmoja na kupanga ofisi moja, kila asasi na jina lake, na kwa maoni yangu hicho ndicho walichokihitaji tangu mwanzo.

Jambo la pili la kumaliza mapema ni gharama za uendeshaji. Chukueni ruzuku za Umoja wa Ulaya: mwombaji kiongozi ndiye anayepokea pesa na kuwapelekea wenzake, na gharama zisizo za moja kwa moja, ndizo hizi za uendeshaji, huwa haziruhusiwi kuzidi asilimia 7 ya gharama halali za moja kwa moja. Mradi wenye gharama za moja kwa moja za euro 300,000 unaacha euro 21,000 za kugawana. Kiongozi atasema ripoti anaandaa yeye na mkaguzi anakuja kwake. Mshirika atasema na yeye ana umeme wa kulipia. Wote wana haki, ndiyo maana mgao huo uandikwe kabla andiko la mradi halijatumwa. Binafsi, mshirika asiyetaka kuugusia naanza kumtilia shaka.

Msimsahau Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali pia. Kanuni za mwaka 2018 zinataka mkataba wa fedha unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe ndani ya siku 10 baada ya kusainiwa. Kubalianeni nani atafuatilia, maana kila upande hudhani mwenzake ameshapeleka.

Katika barua ya kuomba pesa hii, mstari wa matokeo ndio muhimu kuliko yote. Msiahidi kwamba mtaungana. Andikeni kwamba mwishoni bodi zote mbili zitakuwa zimepokea taarifa ya maandishi na kupiga kura, ya ndiyo au ya hapana, na kwamba kura ya hapana ni matokeo halali. Mfadhili akikataa mstari huo, muulizeni sababu. Mara nyingi ana ndoa yake kichwani, anataka asasi mbili ziwe moja ili apunguze mikataba ya kusimamia. Kwa masharti hayo pesa yake ningeiacha.

Na barua itumeni mradi mlio nao ukiwa bado na miezi ya kutosha mbele, kwa sababu salio la kifungu haliombeki tena mradi ukishafungwa.