Ekari 14 Missouri: usiwalishe kulungu kwanza, wape pa kulala

Mkuu, umesema umenunua ekari 14 kusini mwa Missouri, Marekani, kamera zako mbili zinaonyesha kulungu wanapita usiku tu, na unauliza upande nini ili Novemba, msimu wa kuwinda, wakukute. Mimi nina ekari 11 huku huku, kwenye vilima vya Ozark, mwaka wa saba sasa. Miwili ya mwanzo nilichezea hela, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu ili zako zipone.

(Wazee wa lugha msinishukie. Najua kulungu wa nyumbani ni mwingine, pembe zake zimesokoteka na hazidondoki. Huyu wa mkia mweupe huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine. Tumezoea kumwita hivyo, basi.)

Kosa langu lilikuwa kuwaza kama mkulima. Nilifyeka nusu ekari, nikanunua mbegu za klova, yale majani ya malisho, kwa bei ya kuumiza, nikamwaga. Zikaota njano, kimo cha kidole, Juni zikafa. Nilipopeleka udongo kupimwa nikaambiwa pH, kile kipimo cha tindikali, ni 5.1, na klova inataka 6 kwenda juu. Udongo wa huku ni mawe na tindikali. Bila chokaa ya kilimo unapanda noti. Ofisi ya ugani ya chuo kikuu kwenye kaunti yako inapokea sampuli, gharama ni ndogo. Pima kabla hujagusa mbegu.

Lakini hata ingestawi, isingenifikisha mbali. Jirani yangu ana soya na mahindi mpaka macho yachoke. Kulungu mmoja anaweza kuzunguka maili nzima ya mraba, yaani ekari 640, kwa hiyo ekari zako 14 ni chumba kimoja tu katika nyumba yake. Tafuta chumba ambacho majirani hawana. Kwangu kilikuwa cha kulala. Msitu wangu ulikuwa miti mirefu, chini kweupe kama pamefagiwa, ukichuchumaa unaona hadi uzio wa upande wa pili. Nani atalala hapo mchana?

Februari ya mwaka wa tatu nikaingia na chenso, ule msumeno wa mashine. Unachagua miti isiyo na faida, unene wa mkono hadi wa paja, unaikata kwenye kimo cha kifua, kama theluthi mbili ya unene wake, halafu unausukuma mti ulale bila kukatika kabisa. Lile gome lililobaki linaendelea kuulisha, kwa hiyo unachipua ukiwa umelala, na machipukizi yako palepale mdomo wa kulungu unapofika. Jua nalo likapata njia: kiangazi kile kile miiba ya beri ikafumuka kila mahali. Nilifanya ekari mbili tu, mafungu mafungu, nikaacha vijia vya kupita. Angalizo: mti uliokatwa nusu unaweza kupasuka wima na kukurushia gogo usoni. Vaa kofia ngumu, na usiende peke yako.

Mialoni myeupe (white oak) usiiguse, kata inayoisonga. Mbegu zake zina ukakasi mdogo kuliko za mwaloni mwekundu, na hukomaa mwaka ule ule wakati za mwekundu huchukua miwili. Zikianza kudondoka, kulungu anaisahau hata klova.

Sasa gumu kuliko yote: usiingie humo. Mimi kila Jumamosi nilikuwa nakwenda kuchukua kadi za kamera, na watoto, na wageni wa kupiga picha. Nikalalamika kulungu wangu ni wa usiku, kumbe mimi ndiye niliyewafanya wa usiku. Siku hizi kuanzia Septemba siingii mpaka upepo utoke kwao kuja kwangu. Jioni ndiyo ina mtego zaidi, kwa sababu hewa ikipoa huteremka bondeni kama maji na harufu yako inaifuata. Dungu langu la kwanza niliweka juu ya bonde, mandhari safi kabisa, nikakaa jioni tisa bila kuona mkia. Nikalishusha hatua sitini upande wa chini. Jioni ya pili akaja jike, nikamsikia anatafuna mbegu za mwaloni kabla sijamwona, kra, kra. Akanyanyua kichwa, akapiga mguu wa mbele chini mara mbili, akauangalia mti wangu mzima. Kisha akaendelea kula. Nyuma yake dume, pua chini, akifuata nyayo zake.

Njia ya kuendea dunguni nimeificha kwa mtama, ule mrefu unaompita mtu. Nacheka peke yangu: nimekulia Singida nikikaa dunguni kuwafukuza kwelea wasimalize mtama, leo naupanda ili nijifiche nyuma yake nikiomba wanyama waje.

Kumwaga mahindi usithubutu. Missouri kuwinda kulungu juu ya nafaka iliyomwagwa ni kosa, na hata ukiizoa yote, eneo linahesabiwa lina chambo kwa siku 10. Tena kuwakusanya mdomo kwa mdomo kunasambaza CWD, ugonjwa wao wa ubongo usio na tiba. Soma kijitabu cha sheria cha mwaka huu, si cha jamaa yako. Na kama umezaliwa 1967 au baadaye, kwa kawaida unahitaji cheti cha mafunzo ya uwindaji.

Oh, na kupe. Kuna yule jike mwenye doa jeupe mgongoni. Akikuuma unaweza kupata mzio wa nyama nyekundu. Fikiria, Mtanzania na nyama choma mmeachanishwa na mdudu! Chomekea suruali kwenye soksi.

Tupia hapa picha ya ramani yako kutoka juu: nyumba iko wapi, bonde linaelekea wapi, jirani analima nini. Tutakuonyesha pa kuanzia na chenso.