Hana funguo za ghala

Mhariri, mmeuliza wiki hii: "Rais asiyeendesha serikali ana faida gani?" Kabla sijamaliza kulisoma swali nilishapata jibu: hana. Ila sisi wa Songea tulitembelewa na rais wa namna hiyo, kwa hiyo nitajibu kuhusu neno lake, kwamba lina uzito kiasi gani.

Frank-Walter Steinmeier, rais wa Ujerumani, mtoto wa seremala, mamlaka aliwahi kuyashika. Aliongoza ofisi ya Schröder, kansela yaani mkuu wa serikali yao, tangu 1999, akawa waziri wa mambo ya nje mara mbili, na 2009 akagombea ukansela akashindwa na Merkel. Mwaka uliofuata alimpa mkewe figo yake moja. Urais ameupata 2017, na pale kwao rais hapangi bajeti wala haamrishi jeshi.

Tarehe 1 Novemba 2023 nilikuwa kwa baba mkubwa, tunapukuchua mahindi ya mbegu, redio iko kwenye kigoda. Ikasemwa kwamba rais wa Ujerumani yuko Makumbusho ya Majimaji, anawaomba msamaha wajukuu wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani 1906. Baba mkubwa hakuacha kupukuchua. Akauliza, "Kichwa amekuja nacho?" Maana ukoo unaamini kichwa cha Nduna kilipelekwa Ujerumani. Nikamwambia hapana. "Na huyu ndiye mkubwa wao?" Nikamweleza kwamba serikali iko kwa kansela. Akasema, "Basi wametuletea mtu wa heshima asiye na funguo za ghala." Lile neno ghala lilinichoma. Vita vya Majimaji, tulivyopigana na Wajerumani waliotutawala, viliua hadi watu 300,000 kwa makadirio, na njaa iliua kuliko risasi, kwa sababu Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula.

Nikadhani yameisha. Kisha ikasomwa kwamba ameahidi kukitafuta kichwa pamoja nasi, ila hawezi kuahidi kwamba kitapatikana. Baba mkubwa akaweka gunzi chini. "Hapo sasa namsikia," akasema, akaniambia niongeze sauti. Tukasikiliza hadi taarifa ya hali ya hewa, mahindi yamelala mapajani.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema cheo hicho kifutwe. Sasa siwezi. Kansela angekuja, angepima kila neno kwa hofu ya madai ya fidia. Sisemi Steinmeier hakupima. Ni mwanasheria yule. Na fidia hawezi kutupa, hiyo ni ya bunge lao, nasi tusiache kuidai. Lakini aliinamisha kichwa na akataja jina la Nduna, na kwa mzee mmoja niliyekaa naye lilikuwa jambo. Kwa hiyo faida ipo, ndogo, tena inategemea nani amekikalia kiti.

Muhula wake unaisha Machi 2027. Baba mkubwa bado ananiuliza kila 27 Februari, tukitoka kwenye kumbukumbu ya mashujaa, kama kichwa kimeonekana.

Msomaji, Songea