Jibu: Nitajuaje wameelewa, si kukariri tu?
Mwalimu mwenzangu, umeuliza mbona wanafunzi wako wa biashara wanapata A kisha wanashindwa kueleza gharama ya fursa, yaani kile unachokikosa ukichagua kingine. Alama ya jumla haikwambii. Imechanganya mahudhurio, kazi za nyumbani na kubahatisha.

Mimi huwapa swali moja wiki ya kwanza, na lilelile wiki ya mwisho: feri ya Likoni kule Mombasa, mwenda kwa miguu halipi, je, kuvuka ni bure? Mwanzoni wengi huandika "bure, nauli hakuna". Mwisho wa muhula nataka nione foleni, saa iliyopotea, kibarua kilichompita mtu akisubiri ng'ambo.

Halafu mpe mwenzako nakala kumi za majibu yao asahihishe kwa vigezo vyako bila kuona alama zako. Mkitofautiana sana, kigezo ndicho kibovu, si mwanafunzi. Vigezo vyangu vya kwanza vilinitia haya, wallahi.