Mikato miwili ya mkuu wa shule

Mmeuliza kama ni ungwana kumsahihisha mtu Kiingereza chake mbele za watu. Jibu langu la haraka ni hapana. Kiingereza kwetu kimegeuzwa kipimo cha akili, na anayemkatiza mwenzake kwa sababu amesema “borrow me your pen” badala ya “lend me your pen” hutafuta kicheko tu, maana anayeomba kalamu na anayeombwa wameshajulikana.

Linalonisumbua zaidi ni kosa lipi linastahili kusahihishwa. Shule moja ya binafsi ilipata kututumia wazazi barua yenye maneno haya: “Parents, who have not paid fees, will not be allowed into the meeting.” Bila ile mikato miwili, wangezuiwa wadaiwa peke yao, kwa mikato ile, wazazi wote tulikuwa hatujalipa ada na wote tumezuiwa. Tulikwenda hivyo hivyo. Kabla ya ajenda ya kwanza, mzee mmoja, karani mstaafu wa mahakama, alisimama na risiti yake ya mwaka mzima, akauliza anazuiwa kwa kosa gani. Mkuu wa shule akajibu kwamba maana inaeleweka. Mzee akamwomba mwalimu wa Kiingereza aisome barua kwa sauti, atue penye kila mkato. Mwalimu akasoma, akatua, ukumbi ukaangua kicheko, na mzazi mmoja wa nyuma akadai kwamba, kwa kuwa sote tumezuiwa, kikao hakina akidi. Hoja hiyo nayo ikajadiliwa, tena kwa kirefu.

Wanaoona huo ni upuuzi wakumbuke jimbo la Maine, Marekani, ambako sheria ya malipo ya saa za ziada, katika orodha ya kazi zisizostahili malipo hayo, ilikosa mkato kabla ya “or” (au), isijulikane kama usambazaji ni kazi ya peke yake au ni sehemu ya ufungashaji. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliwapa ushindi madereva wa kampuni ya maziwa, na mwaka uliofuata shauri likamalizwa kwa dola milioni 5.

Basi nimejikuta upande wa karani. Anayezungumza aachwe amalize, lakini karatasi yenye amri au fedha ndani yake isahihishwe, na ikiwa imesambazwa kwa watu wote, isahihishwe mbele yao, hasa pale mwandishi anapomzidi cheo msahihishaji. Mwanafunzi simhesabu humo. Tena mzee yule alikuwa na risiti mkononi. Angekuwa mdaiwa, sidhani kama tungemsikiliza, hata kwa mikato ile ile.