Nazi za sokoni: jinsi ya kuandaa siri inayopindua riwaya

Mswada wa riwaya yangu ya kwanza ulirudi na maneno machache ya kalamu nyekundu pembeni mwa sura ya 19. Rafiki yangu, mwalimu wa Kiswahili na msomaji makini kuliko wote ninaowafahamu, alikuwa ameandika: "Baba hakuuza hili shamba. Umeuza wewe."

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Zuhura anasoma Tanga mjini. Anarudi kijijini kwao, karibu na mto Pangani, kumzika baba yake, na anakuta shamba lao la minazi lina mwenyewe mwingine. Sura baada ya sura anamsaka aliyewadhulumu, na kila shuku inamwangukia jirani yao, Mzee Kombo. Mwishoni sanduku linafunguliwa, barua inaonekana, kumbe baba mwenyewe ndiye aliyeuza ili kumtibu mdogo wake Zuhura. Nilitegemea msomaji apigwe na butwaa. Rafiki yangu alijiona ametapeliwa, na alikuwa na haki. Kabla ya ile barua hapakuwa na neno wala kitendo kimoja kilichoonyesha kwamba yule baba ana jambo moyoni.

Nilichofanya ni kuuacha mswada kando na kuandika hadithi ya baba peke yake, kurasa mbili ambazo hazingeingia kitabuni. Aliuza mwezi gani, alimuuzia nani, fedha alizihesabia wapi, alimwapisha nani asiseme. Nilipofika mwezi uliofuata baada ya mauzo, nikakwama kwenye swali dogo sana: shamba limekwenda, sasa nazi za kupikia zinatoka wapi?

Swali hilo ndilo lililoiokoa riwaya. Kwenye sura ya 3, baba akiwa bado hai na Zuhura yupo nyumbani likizo, tayari nilikuwa na mama ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi, huku akimgombeza binti yake kwa kukataa posa ya pili. Nikaongeza maneno machache tu. Katikati ya ugomvi mama anasema, "Nazi zenyewe wanauza bei utadhani dhahabu, na tui hakuna," kisha anarudi palepale kwenye posa. Nyumba yenye shamba la minazi inanunua nazi! Lakini msomaji masikio yake yako kwenye ugomvi. Hata akiisikia, anaichukua kuwa ni manung'uniko ya jikoni.

Tangu siku hiyo silipandi dokezo lisilo na kazi nyingine pale lilipo. Likisimama peke yake litaonekana tu, kwa sababu msomaji anajua mwandishi haweki kitu bure. Na usiliweke mwisho wa aya wala mwisho wa sura, maana hapo ndipo jicho linapotua. Liweke katikati, kisha leta jambo zito zaidi mara moja.

La pili lilikuwa mkwezi. Zamani alikuwa akipita kwa baba kuchukua ujira wake, sasa anapita na kamba yake begani, anasalimia na kwenda zake. Sikueleza chochote.

Mzee Kombo alinisumbua zaidi. Kwenye mswada wa kwanza alikuwa akimkwepa Zuhura kwa sababu mimi nilitaka ashukiwe, basi. Mtu wa namna hiyo siri ikifichuka hubaki hana maana, na msomaji hulitambua hilo. Sasa anamkwepa kwa sababu marehemu alimwapisha, na kila anapomwona binti kiapo kinamkaba. Mwenendo ni uleule, ila sasa una maelezo mawili, la uongo analolishika msomaji kwanza na la kweli linalokuja baadaye.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyetuletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alimpa mpelelezi wake rafiki, Najum. Mhusika wa aina hiyo ni hazina kwa mwandishi. Yupo palepale, anaona anachokiona mpelelezi, ila anakisoma vingine, na msomaji anapotea pamoja naye bila kudanganywa. Zuhura nikamtumia hivyohivyo. Hasemi uongo hata mara moja. Anakosea tu, kwa sababu ana uchungu.

Kuhusu sadfa, nitasema kidogo. Imtumbukize mhusika matatani, sawa. Ikimtoa, msomaji hakusamehi.

Kwa wenzangu mnaotoa riwaya sehemu kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp, tafadhali malizeni kuandika kabla ya kutuma sehemu ya kwanza. Niliwahi kutoa hadithi kwa mtindo huo, na nilipofika sehemu ya 30 nikagundua dokezo langu lilipaswa kuwa sehemu ya 4, ambayo watu walishaisoma. Hapo huna la kufanya.

Mswada mpya nilimpa tena yuleyule mwalimu, na mwingine nikampa mtu ambaye hakuwahi kuiona hadithi. Huyo wa pili sikumwambia kwamba kuna siri. Nilimwomba tu aandike pembeni anamshuku nani na amefika ukurasa gani. Alimshuku Mzee Kombo mpaka sura ya 18, na baada ya barua alirudi mwenyewe kwenye sura ya 3, akapigia mstari zile nazi.

Mwalimu yeye aliuliza swali moja: "Mama alikuwa anajua?"

Sikuwahi kujiuliza. Nilirudi nikasoma tena pale jikoni. Anayetoa fedha ya kununulia nazi ni mama, kwa hiyo alijua siku zote, na mwanamke anayeitunza siri ya mumewe hawezi kulalamikia bei mbele ya binti yake kwa sauti kubwa namna ile. Nikamkata kauli. Sasa anasema, "Nazi zenyewe za sokoni hizi..." halafu ananyamaza, anainama kupuliza moto, na anapoinua uso anauliza habari za posa.